Ndama Akipotea Jioni

Swali ni dogo ila linauma: mtu akiharibu kitu cha wote kwa bahati mbaya, tuanze na lipi, kumwadhibu au kuokoa?

Mwaka 1986, Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, mtu mmoja aliandika amri ya kufuta akiwa na madaraka yote juu ya kompyuta. Kumbe amesimama kwenye mzizi wa mfumo mzima! Alipoikatiza amri, mafaili muhimu ya kuendesha mashine yalikuwa yamekwenda. Wangeizima, isingewaka tena. Hawakuizima. Programu moja ya kuandikia ilikuwa bado wazi, na kwa upenyo huo wakaingiza kiprogramu walichokitunga wenyewe, hadi mfumo ukarudi. Mario Wolczko, aliyekuwapo, ndiye aliyesimulia.

Jambo lenyewe liko hivi. Kufuta faili mara nyingi ni kulitoa jina lake kwenye orodha tu. Yaliyomo hubaki kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo kila dakika ya kuficha ni dakika ya kufukia.

Sasa twende Ololosokwan, wilayani Ngorongoro, ambako miaka ya 2010 UNESCO na Samsung walianzisha kijiji cha kidijitali, kompyuta zikitumia umeme wa jua. Tuseme kijana wa huko anafuta mafaili ya seva ya darasa, na fundi yuko mbali. Afanyeje? Bwana, kama amechunga, jibu analo. Ndama akipotea jioni, unakimbia bomani kusema sasa hivi, watu watoke na tochi. Ukingoja asubuhi uje na uongo uliopambwa, fisi ameshashiba.

Lakini mtoto atakimbilia boma gani, kama anajua mlangoni kuna fimbo? Hapo ndipo deni linapotugeukia sisi. Tukimpiga anayesema, tunawafundisha wanaotazama kunyamaza, na safari ijayo tutapoteza zizi zima.

Utaniuliza, je, mzembe aachwe tu? Hapana. Atajibu, tena mbele ya watu. Ila kwanza ndama arudi. Na siku hiyo ya kujibu, aulizwe pia aliyempa kijana madaraka yote bila kuweka nakala ya akiba. Huyo naye alilala, sema tu usingizi wake haukupiga kelele.