Je, Mambo ya Ndani Yaweza Kupelekwa kwa Mgeni?



Jumapili moja baada ya ibada ya pili, mama mmoja alitungojea chini ya mwarobaini ulio karibu na lango la kanisa. Alitupa shikamoo, akauliza habari za wajukuu, akauliza habari za mguu wetu unaotusumbua, na alipoona watu wamepungua akasema kwa sauti ndogo: "Mwalimu, je, ni dhambi kumweleza mtu nisiyemjua, tena kwa kumlipa, mambo ambayo sijamwambia hata mama yangu mzazi?"

Tuliomba ruhusa yake tulijibu swali hilo katika ukurasa huu, naye akakubali mradi tusimtaje. Yatosha kusema kwamba tangu mwaka jana hapati usingizi, chakula hakimpendezi, na nyumbani kwake mume na mke wamebaki kupeana salamu na fedha za matumizi. Anataka kumwona mtaalamu wa ushauri nasaha. Mumewe amekataa, akisema mambo ya ndani hayatolewi nje.

Neno hilo la mume si neno la kudharauliwa. Wengi wetu tumelelewa nalo. Nyumba isiyo na siri haina heshima, na anayemwaga habari za mwenzi wake kisimani au saluni amevunja jambo ambalo haliungiki kwa urahisi. Lakini hao hao waliotufundisha kutunza siri walitufundisha pia kwamba mficha uchi hazai. Methali zetu zina tabia ya kubishana, na yafaa tuwe makini na mtu anayetumia moja tu, ile inayomfaa.

Tukitazama jinsi wazee walivyoishi, twaona kwamba hawakukataza mambo ya ndani kutoka nje. Walipanga yatokee wapi, na yaende kwa nani. Pwani, binti alikuwa na somo wake. Bara, kulikuwa na shangazi, kulikuwa na bibi ambaye mjukuu aliweza kumwambia asiyoweza kumwambia mama. Kulikuwa na mshenga, aliyeitwa wakati wa posa na akaitwa tena wakati wa ugomvi. Kanisani nasi tuna wasimamizi wa ndoa, ambao siku hizi, tuseme kweli, husimama kwa ajili ya picha tu. Na katika hao wa zamani wengine walikuwa wakipewa kitu kwa kazi yao, khanga, kuku au fedha, wala hakuna aliyesema kwamba upendo umeuzwa.

Kilichobadilika ni kwamba watu hao hawapo karibu. Tangu mwaka 2016, serikali ilipotangaza kuhamia hapa Dodoma kwa nguvu zote, mtaa wetu umejaa familia zilizotoka Mwanza, Mbeya, Tanga na Dar es Salaam. Wamepanga vyumba viwili, vitatu, na shangazi yuko umbali wa siku nzima ya basi. Akipigiwa simu, mazungumzo husikiwa na watoto walio chumba hicho hicho. Mshenga amekuwa rafiki wa kazini, na kesho yake ofisi nzima inajua. Basi yule anayesema "yamalizeni nyumbani" yampasa aeleze ni nyumbani kupi, na mbele ya nani.

Hapa hatuna budi kueleza kosa letu wenyewe, maana tusipolieleza tutaonekana kama watu waliozaliwa na hekima hii.

Miaka mingi iliyopita tulifundisha pamoja na mwalimu kijana, mwanamke, aliyekuwa amerudi kazini baada ya kujifungua mtoto wa kwanza. Alikuwa hodari sana. Tukaona amekuwa mzito. Madaftari hayasahihishwi, darasani anasimama anatazama dirishani. Siku moja alitufuata ofisini, akafunga mlango, akaanza kusema kwamba hamwoni mtoto kama wake, na kwamba mumewe amechoka naye. Hatukumwacha afike mbali. Tulimwambia kwamba uzazi wa kwanza ni mgumu kwa kila mtu, kwamba mama zetu walizaa na kesho yake wakaenda shamba, kwamba avumilie, asali, ampikie mumewe vizuri. Tuliona tumesema maneno mazuri. Alitushukuru akaondoka.

Baada ya wiki chache muuguzi mmoja, jirani yake, alimkuta ameketi nje usiku, mtoto analia ndani, naye haonyeshi kusikia. Muuguzi yule hakumpa mashauri. Alimchukua mtoto, akakaa naye hadi asubuhi, kisha akampeleka hospitali. Ilikuwa ni sonona ya baada ya kujifungua, ugonjwa unaojulikana na unaotibika. Alipata dawa, akapata mtu wa kuzungumza naye kila wiki, na mumewe akaitwa akaelezwa. Alipona. Lakini kwetu hakurudi kwa muda mrefu, na siku tulipothubutu kumwuliza, alituambia bila hasira: "Mwalimu, ulinijibu kabla sijamaliza."

Chuoni Mpwapwa tulifundishwa saikolojia. Tuliweza kueleza jinsi mtoto wa miaka saba anavyofikiri, tukafaulu mtihani. Kumsikiliza mtu mzima wa miaka ishirini na saba hadi afike mwisho wa sentensi yake, hilo hatukufundishwa, na hatukujua kwamba ni kazi ya kufundishwa.

Sasa turudi kwenye swali. Kwa nini mgeni? Na kwa nini alipwe?

Mgeni ana sifa moja ambayo sisi tunaokupenda hatuna: haitaji chochote katika maisha yako. Mama yako akisikia habari za mumeo, atamchukia mumeo, na mtakapopatana ninyi, yeye atabaki na chuki yake. Mzee wa kanisa akisikia, mtakutana naye kwenye kamati ya harusi, nawe utahisi anakutazama. Hata padre, ambaye amefungwa na siri ya maungamo, ni mtu unayetaka akuone kuwa mwema, kwa hiyo utamwambia mambo ukiwa umeyapiga pasi. Mbele ya mtu usiyemjua hakuna sababu ya kupiga pasi. Na ada unayomlipa inakununulia saa moja yako peke yako, na inakuondolea deni. Ukitoka mlangoni humdaiwi fadhila, wala hatakukumbusha kwenye msiba. Upendo haumo katika biashara hiyo. Wasiwasi wa kulipa, kwa maoni yetu, watokana na kudhani kwamba kusikiliza si kazi. Aliyewahi kukaa saa nzima akisikiliza uchungu wa mwingine bila kuingiza habari zake mwenyewe anajua kwamba ni kazi kama kulima.

Hata hivyo hatusemi kwamba lazima awe msomi wa digrii. Kanisani kwetu Anglikana kuna kisa kinachojulikana. Kasisi Chad Varah, wa Uingereza, mwaka 1935 alimzika msichana wa miaka kumi na minne aliyejiua kwa sababu alianza kupata hedhi na hapakuwa na mtu wa kumwuliza. Alidhani ni maradhi mabaya. Mwaka 1953, akiwa kasisi wa St Stephen Walbrook mjini London, alitangaza simu kwa watu waliofikiria kujiua. Walipokuja wengi, walisubiri kwenye chumba cha nje, na watu wa kujitolea wakawa wanawapa chai. Ndipo ikaonekana kwamba wengi, wakishazungumza na wale wa chai, huenda zao bila kumhitaji tena kasisi. Chama cha Samaritans kilitoka hapo. Varah aliwaachia kazi ya kusikiliza wale wa chai, jambo ambalo si kila kasisi angelikubali.

Karibu nasi zaidi, nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na mabibi kumi na wanne katika mtaa wa Mbare, Harare. Mabibi hao walifunzwa, wakawekewa benchi la mbao nje ya zahanati, wakaketi na wagonjwa. Hawakutumia maneno ya kitabuni. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Sisi nasi twasema "ana mawazo", na kila mtu anaelewa kwamba si mawazo ya hesabu. Bibi husikiliza, humsaidia mgonjwa kuchagua tatizo moja katika yale mengi, na kulitafutia hatua moja ya kuanzia. Kazi hiyo ilipimwa kwa utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016, ikaonekana kwamba baada ya miezi sita waliokaa na mabibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Twafikiri Umoja wa Akina Mama hapa kwetu wasikie habari hii. Mabibi tunao, na mabenchi yapo. Mafunzo ndiyo hayapo, na bila mafunzo tutarudia lile kosa tulilolieleza juu.

Basi mtu wa mtaa wetu aende wapi? Jambo la kwanza ni kuacha ule mzaha wetu wa "mpelekeni Mirembe". Sisi wa Dodoma tumeutania hospitali ile hadi tumesahau kuitumia. Ilifunguliwa mwaka 1927, ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, na wanaoingia pale si wale tu waliofungwa kamba. Mtu huenda kwa miguu yake, huonwa na mtaalamu, hurudi nyumbani kupika chakula cha jioni. Anayeona haya ya lango lile aanzie kituo cha afya au hospitali ya mkoa, aeleze usingizi na chakula, atapelekwa panapostahili. Na yeyote anayesema afadhali afe, hata kama anasema akicheka, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa mambo ya ndoa yuko afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ambaye watu humkumbuka kwa matunzo ya watoto tu. Yako pia mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, yaliyowekwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kwa kawaida mahakama haipokei ombi la talaka kabla shauri halijapita barazani. Kwa bahati mbaya wengi hufika pale wakiwa wameshaachana moyoni, wanatafuta hati ya kwenda nayo mahakamani. Baraza si daktari. Lakini lingeweza kupatanisha wengi kama lingeendewa mapema.

Neno moja hapa hatutaki lisomwe haraka. Palipo na kipigo hatuzungumzii tena kutoelewana kwa watu wawili. Sheria hiyo hiyo ya 1971 yasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Mwenye kupigwa aende kwanza mahali pa usalama, na Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi lipo kwa ajili hiyo. Mshauri au mzee wa kanisa atakayemrudisha nyumbani akavumilie atajibu kwa hilo.

Na mshauri wa kulipwa, atajulikanaje? Mwulize amesoma wapi na anasimamiwa na nani. Aliye mwema hakasiriki. Akuambie ada yake kabla ya kuanza. Akueleze siri yako ataitunza vipi, na ni lini hataweza, kwa mfano maisha ya mtu yakiwa hatarini. Asiwe ndugu wala mwajiri wako. Akikuamuru uache ndoa, au akikuamuru ubaki, katika saa ya kwanza, jua hajakusikiliza. Akikutaka kwa njia nyingine, ondoka ukaseme. Akikuombea, vizuri, lakini akisema maombi yake yanakutosha uache dawa ulizoandikiwa na daktari, mkimbie. Nabii Elia alipochoka hata akaomba kufa, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena.

Kwa yule mume, ambaye huenda anasoma ukurasa huu bila kujua kwamba ni yeye, twasema kwamba hofu yako twaielewa. Waogopa kwenda kusemwa usipokuwepo. Njia nzuri ya kuiondoa hofu hiyo ni kuwepo. Mshauri wa ndoa hupenda kuwaona wote wawili, na humwona kila mmoja peke yake pia. Na kama mkeo anaumwa tu, kama alivyoumwa yule mwalimu wetu kijana, basi unachokiita ugomvi ni ugonjwa, nawe umekuwa ukishindana na homa.

Kabla hatujaupeleka ukurasa huu kwa mhariri, mama yule alikuja nyumbani kwetu jioni moja kuleta mbegu za mchicha. Alisema mumewe amekubali waende, mara moja tu, kwa sharti kwamba mshauri asiwe mtu wa mtaa wetu wala wa kanisa letu. Tulimwambia kwamba sharti hilo ni la haki kabisa, alichukue kama lilivyo. Watakwenda Alhamisi.