Yungiyungi na Tope Lake

Tumati, huku Mbulu, ni nchi ya baridi. Asubuhi za Juni na Julai jua hungojwa kama mgeni aliyeahidi kufika, na likishapanda ndipo watu wanapokunjua mabega. Haishangazi kwamba Wairaqw wa kale walimhusisha Looaa, Mungu wao, na jua, wakamtaja kama mama mwenye huruma. Chini, kwenye chemchemi, mito na vilindi, walisema hukaa roho waitwao netlangw, na hao si wa kuchezewa. Mzee aliyeomba sala ya slufay mbele ya watu, nao wakimwitikia, alisimama katikati: mwanga juu yake, maji chini yake.

Yungiyungi nalo limesimama papo hapo.

Hili la buluu ni la kwetu. Huota lenyewe kwenye maji baridi yaliyotulia, sehemu nyingi za Tanzania. Kata kikonyo chake utaona vitundu vidogo vidogo: ni mirija ya hewa inayoshuka mpaka kwenye kiazi, maana topeni hewa ni adimu. Ua hufunguka asubuhi, alasiri likajifunga. Baada ya siku chache hivi kikonyo hulivuta chini ya maji, na mbegu zikakomaa huko gizani. Sisi tunaopenda kuimba juu ya kupanda tu, kutoka na kung'aa, sijui tunaliweka wapi fundisho hilo la kushuka.

Wamisri wa kale waliliona likifunguka na jua, wakamchora mungu Nefertem nalo kichwani. Wahindu na Wabuddha wana lotasi yao, ya ukoo mwingine kabisa, ambayo majani yake husimama juu ya maji na tone la mvua huteleza bila kuyalowesha. Lakshmi, mungu wa kike wa Wahindu, huketi juu ya ua hilo, Buddha vilevile. Mahubiri ya ua hilo yanajulikana: limetoka topeni wala halikuchafuka. Ni mahubiri mazuri, lakini hulionea tope. Huko Liaoning, China, mbegu ya lotasi iliyolala katika udongo wa ziwa lililokauka iliota baada ya miaka 1,300 hivi. Ni udongo huohuo uliomtunza mtoto wa watu muda wote huo.

Basi ukitaka kupanda yungiyungi, anza na tope. Tafuta beseni pana lisilo na tundu, ulijaze nusu kwa udongo mzito wa mfinyanzi. Usitie samadi mbichi. Itaoza, maji yatanuka na kugeuka kijani. Kilaze kiazi, ncha yake ichungulie juu ya udongo, kisha tandaza changarawe kidogo. Mimina maji taratibu, kina cha kiganja kwanza, uongeze kadiri majani yanavyorefuka hadi sentimita 30 hivi. Liweke panapopata jua saa sita kwa siku. Perege wachanga wawili watatu watakumalizia viluwiluwi vya mbu.

Mbegu za lotasi zina ganda gumu mno: zisugue kwa tupa upande mmoja mpaka weupe wa ndani uonekane, uziloweke katika maji ya uvuguvugu na kuyabadilisha kila siku. Ila lotasi hupenda joto, na baridi ya Mbulu itaidumaza. Huku juu, ushauri wangu ni yungiyungi.

Halafu subiri. Wiki za mwanzo hutaona kitu ila maji na majani machache, na wageni watakuuliza unafuga nini humo. Kazi inafanyika chini.

Beseni likijaa, mgawie jirani au zika kinachobaki shambani. Tafadhali usikitupe mtoni wala Ziwa Tlawi. Gugu maji nalo lililetwa Afrika kwa uzuri wa maua yake, na Ziwa Victoria bado linahangaika nalo.