Kosa Lisilo na Shahidi

Makosa mengi yana mashahidi. Mwizi huacha nyayo, mwongo hunaswa kwa maneno yake mwenyewe, na mtu atiaye maji katika maziwa huumbuliwa na kipimo cha mnunuzi. Lakini lipo kosa ambalo jicho halilioni, ulimi haulionji, wala pua hailinusi. Kosa la namna hii ndilo lipimalo uaminifu wa mtu, nalo nataka tulifikiri pamoja, msomaji, kwa mfano wa jambo la kila siku, yaani maziwa.

Tuseme yuko mama mmoja katika vilima vya Mua, karibu na mji wa Machakos, mwenye ng'ombe wawili. Asubuhi moja aona kiwele cha mmoja kimevimba na kina joto, na maziwa yake yana mabonge. Daktari wa mifugo aitwa, atia dawa katika chuchu iliyougua, na kabla ya kuondoka asema, "Mama, maziwa ya ng'ombe huyu yasiuzwe wala yasinywewe mpaka zipite siku tatu baada ya dawa ya mwisho." Kesho yake dawa yatiwa tena, na kesho kutwa uvimbe umekwisha. Maziwa yatoka meupe, mazuri, yasiyo na ila hata moja. Mchuuzi yu mlangoni na pikipiki yake. Karo ya mtoto haijatimia. Mama huyu afanye nini?

Kabla hujamjibu, yafaa ujue lililomo ndani ya maziwa yale. Dawa za namna hii huitwa viuavijasumu. Mojawapo ni penisilini, aliyoigundua Alexander Fleming mjini London mwaka 1928, nazo zimeokoa watu na wanyama wasiohesabika. Lakini dawa iingiayo mwilini mwa ng'ombe haitoweki mara moja. Sehemu yake hutoka pamoja na maziwa, wala si katika chuchu iliyotibiwa peke yake, bali hata katika zile tatu nyingine. Kwa sababu hiyo kila dawa ina muda wake wa kungoja, ulioandikwa katika karatasi yake. Kuchemsha maziwa ni wajibu wa kila nyumba, maana huua vijidudu vingi. Lakini hakutoshi kuondoa mabaki ya dawa. Viwango vya kimataifa vya chakula havikubali zaidi ya mikrogramu 4 za penisilini katika kilo moja ya maziwa, kiasi kidogo ambacho jicho haliwezi kukidhania.

Mara nyingine maziwa yenyewe hutoboa siri. Mtu akiyatia chachu ili apate mala, huenda asubuhi akayakuta bado majimaji, kwa kuwa dawa imewaua vijidudu wema wagandishao maziwa. Lakini yale yatiwayo katika chai hayasemi neno. Wahenga walinena kuwa siri ya mtungi aijuaye kata. Mnunuzi hajui, mchuuzi hajui, na mtoto anywaye hajui. Ajuaye ni mama peke yake.

Udhuru wa kwanza utakaotolewa ni huu: "Lita zangu tatu zitachanganywa na lita mia za wengine, kitabaki nini?" Udhuru huu una sura ya hesabu, lakini ni hesabu mbovu, kwani kila mmoja wa wale wengine aweza kusema vivyo hivyo, na pipa likajaa maziwa ya watu waliotegemeana. Tena, kidogo si bure. Wako watu wachache ambao miili yao haiipokei penisilini hata kidogo. Na kubwa kuliko hilo, Fleming mwenyewe, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya kwamba dawa chache isiyotosha kuwaua vijidudu huwafunza kuistahimili. Onyo lake limetimia. Katika mwaka 1 wa 2019 peke yake, watu zaidi ya milioni 1.2 duniani walikufa kwa maradhi ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa. Sisemi kwamba maziwa ndiyo yaliyowaua. Sababu kubwa ni matumizi mabaya ya dawa kwa watu na kwa mifugo. Nasema tu kwamba usugu hujengwa kwa vitendo vidogo vingi, na kila atendaye hudhani chake hakihesabiwi. Mchuma janga hula na wa kwao: siku mtoto wa mama yule atakapougua, huenda akahitaji dawa ile ile.

Wenyeji wa Machakos wanao mfano wao wa jambo hili. Katika miaka ya 1930 mvua zilikuwa zikiuchukua udongo wa nchi, na vilima vikabaki vipara. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta, nao wakaichukia kazi ile. Lakini baadaye, katika vikundi vya mwethya, ambavyo ni desturi ya Wakamba ya kusaidiana, waliyachimba kwa hiari, na leo vilima vimevikwa matuta. Walitambua kuwa maji hayajui mpaka wa shamba. Aliye juu asipochimba tuta, gharika humshukia aliye chini, naye hana la kufanya. Auzaye maziwa yuko juu ya kilima. Anywaye yuko chini.

Udhuru wa pili ni mzito zaidi, nao ni umaskini. Sitaki kuupuuza. Ni rahisi kwa mwenye tumbo lililoshiba kumwambia mwenzake amwage maziwa. Lakini umaskini wa mama haumpi haki ya kumtwisha mzigo wake mtu asiyejua kuwa ametwishwa. Na huenda mnunuzi ni maskini kuliko yeye. Jibu la haki ni kuugawa mzigo waziwazi. Chama cha ushirika chaweza kuweka mfuko mdogo wa kumfidia mwanachama anayesema, "Ng'ombe wangu ametibiwa." Tukiwaacha wakweli wapate hasara peke yao, tunawafundisha wengine kunyamaza.

Sheria nazo zipo. Kenya ina Bodi ya Maziwa tangu mwaka 1958, na vipimo vya kutambua dawa vipo. Lakini hakuna askari awezaye kusimama katika kila zizi alfajiri. Matuta ya amri yalichukiwa. Matuta ya hiari ndiyo yaliyodumu.

Nawe, msomaji, una sehemu yako. Karatasi ya dawa aghalabu huandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo, na huenda nyumbani kwenu wewe ndiwe uwezaye kuisoma vizuri. Isome. Waeleze wazazi wako kwa adabu idadi ya siku, uiandike kwa chaki mlangoni pa zizi, ukijua kwamba siku hizo zaweza kuwa karo yako mwenyewe. Hapo ndipo utakapojua kama uaminifu unaoandikia insha darasani ni wako kweli.