Fadhila Ndani ya Jahazi

Neno safari liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na huko mzizi wake hubeba pia maana ya kufunua. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliukumbusha uhusiano huo katika Ihya Ulum al-Din: safari imeitwa hivyo kwa sababu huzifunua tabia za watu. Husimuliwa vilevile kwamba Umar bin al-Khattab alimuuliza mtu aliyemsifu mwenzake iwapo amewahi kusafiri naye. Alipojibu hapana, aliambiwa kwamba basi hamjui.

Kipimo hicho ni cha zama za ngamia na tanga, wasafiri walipogawana maji ya mwisho. Kina kazi gani kwa marafiki wawili wanaopanda jahazi la matembezi asubuhi na kurudi kabla ya magharibi? Njaa haipo, dhoruba haipo, na chakula cha mchana kimo ndani ya nauli. Hata hivyo, siku ya raha hufunua jambo ambalo dhiki hulificha, nalo ni namna rafiki anavyotoa na namna rafiki anavyopokea.

Uchukuliwe mfano wa wawili waliokulia mtaa mmoja Mombasa, wakakutana Oman ukubwani. Mmoja yuko likizoni kutoka Uingereza, naye ana pasipoti ya huko. Mwingine yuko Maskati kwa mkataba wa kazi, na mshahara wake una wenyewe nyumbani kabla haujamfika mkononi. Wanataka kwenda Musandam, na wa kwanza ndiye anayelipa. Rasi hiyo imetengwa na sehemu nyingine za Oman na ardhi ya Falme za Kiarabu. Mwenye pasipoti ya Uingereza huvuka mpaka bila kuomba viza mapema. Mwenye ya Kenya sharti aiombe kwanza, au azunguke kwa feri au ndege. Hata kabla ya kufika Khasab, matembezi ya pamoja yamekwisha kuwa na njia mbili.

Kutoka Khasab jahazi huingia hori la Sham, lenye urefu wa kama kilomita 16 kati ya majabali makavu. Pomboo huandamana nalo. Vijiji vya ukingoni havifikiki ila kwa chombo, na maji matamu hupelekewa kwa mashua. Katika kisiwa cha Maqlab yamebaki magofu ya kituo cha telegrafu kilichojengwa na Waingereza katika miaka ya 1860, kwa ajili ya waya uliounganisha Uhindi na Uingereza. Mmoja huona magofu ya kupigia picha. Mwingine huenda akamfikiria karani aliyekaa pale juani, mbali na kwao, akipitisha habari zisizo zake. Wahenga walionya: usisafirie nyota ya mwenzio. Je, aliyelipa nauli ana haki ya kudai kwamba mwenzake aione bahari kwa macho yake, na aifurahie kwa kiasi kile kile?

Waswahili wana utaratibu wa kikoa, ambapo kila mmoja hulisha wenziwe kwa zamu. Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Ugumu huanza pale zamu ya mmoja isipoweza kufika. Mwenye nacho akisema "usijali", huenda amemtoa mwenzake katika kikoa na kumfanya mtoto wa kulishwa. Asiye nacho akikataa mwaliko kwa ajili ya heshima, humnyima rafiki yake siku ambayo asingeitaka peke yake. Seneca, katika kitabu chake juu ya fadhila, alishauri kwamba mtoaji asahau mara moja na mpokeaji asisahau kamwe. Shauri hilo lafaa nusu tu. Mtoaji na asahau bei, lakini asisahau tofauti ya njia. Anayeisahau ndiye atakayeuliza kwa nini mwenzake hachangamki.

Yaweza kujibiwa kwamba asiye na fedha hulipa kwa vingine: anaijua nchi, anawaelewa mabaharia, anajua pa kuuliza. Jibu hilo lina ukweli, na lina mtego. Akitakiwa kutafsiri, kupiga picha na kubeba begi, zamu yake ya kikoa imegeuka utumishi, kazi ile ile aliyoiacha Maskati kwa siku zake chache za likizo.

Kinachopambanua mambo haya mawili ni uhuru wa kusema hapana. Mpokeaji awe huru kutoingia majini, kukataa picha, hata kulala juu ya mito wakati pomboo wanapita, asihesabiwe mkosa shukrani. Anayeweza kumwacha rafiki yake alale, katika siku aliyoilipia yeye, amekwisha kufunuliwa na safari hiyo fupi kama wale wa zamani walivyofunuliwa na kiriba kilichokaribia kukauka.