Uwongo Kati ya Marafiki: Neno juu ya Muchezo wa Poka



Wengi kati yetu wanasema karata ni zambi, maneno yameisha. Naomba tutazame polepole, maana muchezo wa poka unaleta swali gumu: mutu anayedanganya watu waliokubali kudanganywa, je, amesema uwongo?

Poka ilienea Marekani kando ya muto Mississippi, katika karne ya 19. Namna za kuicheza ni nyingi. Moja inayopendwa nyumbani, marafiki wakikusanyika jioni, ni ile ya kugawanya: nusu ya feza zilizowekwa katikati inakwenda kwa mwenye karata nzuri kupita wote, na nusu kwa mwenye karata mbaya kupita wote. Kila mumoja anapata karata 7: 2 zimefunikwa, 4 wazi, ya mwisho imefunikwa tena, anachagua 5. Mwishoni kila mutu anaficha mukono chini ya meza, anaurudisha umefungwa. Mukono mutupu, anashindania chini; jetoni moja, juu; jetoni mbili, pande zote, na huyu akishindwa upande mumoja anapoteza yote. Wanafungua ngumi kwa mara moja.

Naona hekima katika namna hii. Katika poka ya kawaida, aliyepata karata mbaya ana njia mbili tu: kuziacha, ao kuweka feza nyingi kwa uso mugumu kusudi wengine waogope na kukimbia. Hapa anaweza kusema kweli na kupata sehemu yake. Lakini ujanja haukufa. Wengine wote wakitangaza juu, yule mumoja aliyetangaza chini anachukua nusu, hata kama karata zake si mbaya sana.

Augustino wa Hippo, Mwafrika mwenzetu, katika kitabu alichoandika juu ya uwongo karibu na mwaka wa 395, aliondoa mizaha katika hesabu ya uwongo, maana sauti ya musemaji inaonyesha kwamba hataki kudanganya. Muchezaji wa poka hawezi kukimbilia pale. Yeye anataka kabisa uamini! Kinachomutetea ni kitu kingine: wote walio mezani wamekubali kanuni. Basi, kwangu mimi, uso wake mugumu siyo uwongo, kama vile muchezaji wa mupira anayejifanya kwenda kuume na kupita kushoto hakumwibia mutu.

Lakini makubaliano hayo yanafika wapi? Wapo wanaosema: tucheze na maharagi. Wachezaji wanajua shida yake: kama kushindwa hakuumi, hakuna anayeogopa, wote wanafuata mpaka mwisho, na muchezo unalala. Kwa hiyo wanataka feza, hata kidogo. Na feza hizo ni za nani? Baba aliyekaa mezani amekubali. Mama aliye jikoni hakukubali, wala mutoto anayengojea minerval. Hao hawakuulizwa. Hapo ndipo zambi inapoingia, siyo katika karata.

Basi wanaocheza wapatane mbele ya kuanza, kila mumoja aweke mezani kiasi ambacho watu wa nyumba yake wanakijua. Na mwenye nyumba akiona rafiki anaomba mukopo ili aendelee, akusanye karata usiku ule ule, hata kama yeye mwenyewe ndiye anayeshinda.