Usiiuze kwa Kilo

Fundi wa Kasulu, na wewe mwanachuo wa Kibondo, ile kompyuta mpakato nene iliyolala chini ya meza ikisubiri mnunuzi wa chuma chakavu, itoe. Igeuze ubavu. Ukikuta mwanya mwembamba, mulika tochi ndani uzione pini 68 zimejipanga safu mbili. Hapo njia ya data ya mashine imeletwa hadi nje, kwa makusudi, ili mtu aongeze kifaa ambacho kiwandani hawakukiweka. Mtu huyo ni wewe!

Sloti hiyo iliwekewa kiwango mwaka 1990, na mwaka 1995 ikaja CardBus, ya biti 32 badala ya 16. Laptopu ya mwaka 2000 hivi, ambayo USB yake haizidi megabiti 12 kwa sekunde, ukiichomekea kadi ya CardBus yenye USB 2.0 inapata mlango wa hadi megabiti 480. Kadi nyingine inaleta WiFi, nyingine waya wa mtandao. CardBus utaitambua kwa bamba la dhahabu lenye vinundu. Ikigoma kuingia kwenye sloti ya biti 16, usiisukume, utavunja pini.

Waliotutangulia walifanya makubwa kwa mashine ndogo zaidi. Tandy Model 100 ya mwaka 1983 ilitumia betri nne za AA kwa saa 20 hivi, na tumboni ilikuwa na tundu la pini 40. Kifaa kilichochomekwa pale kiliipa diski na kuiunganisha na televisheni. Sisi tulioishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO kabla gridi haijatufikia tunajua thamani ya mashine isiyokula umeme.

Sasa geukia nyuma, kwenye poti ya printa yenye matundu 25. Mle mna nyaya nane za data, na kila moja unaweza kuiamuru. Washa DOS, fungua QBasic, andika OUT 888, 1: kwa mashine nyingi, waya wa kwanza unapata umeme. Andika OUT 888, 0, unazima. Weka transista na rilei kati ya poti na kifaa unachotaka kukiwasha, na umeme wa TANESCO usiuguse poti hata kidogo. Ukishafika hapo una kengele ya shule inayojipiga kwa saa, au pampu ya bustani inayojizima. Hiyo ni kazi ya fundi kamili, na unaiweza.

Nendeni mkaulize halmashauri, shule za sekondari, na mashirika yaliyohudumia wakimbizi katika kambi za Nyarugusu na Nduta: zipo mashine mnazotaka kuzifuta kwenye daftari la mali? Ombeni kwa barua, wala msione haya. Mkipata tatu, mbili zifungueni mjifunzie, na ya tatu ipelekeni shuleni na kengele yake kabla muhula haujaanza.