Tusikombe Mzinga



Masika ya Machi hadi Mei yakikaribia hapa Pemba, mfugaji nyuki huziba nyufa za mizinga, huiezeka, na huondoa majani yanayopandisha sisimizi. Lakini kazi iliyo ngumu zaidi ni kuuzuia mkono. Mvua ikishinda inanyesha, nyuki hawatoki. Wakikosa asali ndani, hufa au huhama. Kwa hiyo masega mengine huachwa.

Katika Walawi 19 Mungu aliwaagiza Waisraeli wasivune hadi pembezoni mwa shamba, wawaachie maskini na mgeni. Nasi, tukiisha kuuza karafuu, je, tumebakiza fungu la jirani ambaye masika humkuta hana akiba? Tusikombe mzinga. Bwana atusaidie. Amina.